Anayeogopwa na Nondo Asifukuzwe na Mkulima

Takaungu, mji mkongwe wa pwani ya Kenya kusini mwa Kilifi, umo katika vitabu vya elimu ya wanyama duniani kote kwa sababu ambayo hata wenyeji wengi hawajapata kuisikia. Mwaka 1901, Oldfield Thomas wa makumbusho ya London alimwelezea kwa mara ya kwanza popo mdogo aliyetoka mji huo, akampa jina la Cloeotis percivali. Ni popo wa gramu 5 hivi, anayelala mapangoni na kwenye mashimo ya migodi iliyoachwa, kisha usiku hutoka kuwinda. Miaka 80 baadaye watafiti waliomrekodi kusini mwa Afrika walikuta kwamba anaita kwa kilohezi 212, yaani mitetemo 212,000 kwa sekunde moja. Sikio la kijana mwenye afya njema hukomea kilohezi 20. Sauti ya popo wa Takaungu ni miongoni mwa sauti nyembamba kabisa zilizowahi kurekodiwa kwa mnyama yeyote anayeruka.

Sauti ya namna hiyo ina gharama yake. Kadiri mlio unavyokuwa mwembamba ndivyo hewa inavyoumeza upesi, kwa hiyo popo huyu hapati habari za mbali. Windo lazima limkaribie ndipo mwangwi umrudie. Kwa nini basi akubali hasara hiyo? Jibu limo katika chakula chake. Popo wa Takaungu hula nondo, tena karibu nondo peke yao, na nondo wengi wana masikio. Masikio hayo husikia vizuri zaidi kati ya kilohezi 20 na 50, pale pale popo wengi wanapoitia. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba popo huyu amepandisha mlio wake mpaka ukapita juu ya masikio ya windo.

Mashindano hayo ya mlio na sikio yanaendelea kila usiku juu ya mashamba ya mahindi, kuanzia Trans Nzoia hadi Mbeya, wakati mwenye shamba amelala. Asubuhi mkulima anaamka, anajaza bomba lake dawa, anaingia shambani kupambana na viwavi ambao mama zao walipita usiku juu ya paa la nyumba yake. Jioni, akisikia mikwaruzo darini, anawasha moshi awafukuze popo. Ni kosa kubwa, na linafanywa na watu wenye nia njema kwa sababu hakuna aliyewaambia kinachotokea gizani. Wataalamu wa kilimo wanajua. Vyuo vinajua. Elimu hiyo imechelewa mno kufika kijijini.

Binadamu wenyewe walichelewa kuujua ukweli huu. Padri Lazzaro Spallanzani wa Pavia, Italia, aliwafumba macho popo mwaka 1793 akakuta wanaruka vizuri bila kugonga kitu, na daktari Louis Jurine wa Geneva alipowaziba masikio wakaanza kujigonga ovyo. Wakubwa wa sayansi wa wakati huo hawakuwaamini. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1938, pale Donald Griffin, mwanafunzi wa Harvard, alipowapeleka popo wake mbele ya kifaa cha kunasa sauti zisizosikika na binadamu. Akishirikiana na Robert Galambos, alithibitisha kwamba popo hupiga kelele mfululizo na kuijua dunia kwa mwangwi unaomrudia.

Baada ya hapo swali likageuka: anayewindwa, je, anasikia?

Waliolijibu kwa ukamilifu ni Kenneth Roeder wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, na mwenzake Asher Treat, katika miaka ya 1950. Sikio la nondo wa jamii ya Noctuidae, ambayo ndiyo jamii ya viwavijeshi, liko kifuani kwa nyuma, limefichwa chini ya bawa la pili. Kuna kiwambo chembamba, na nyuma ya kiwambo kuna seli mbili tu za neva zinazopokea sauti. Mbili! Sikio la binadamu lina seli za kusikia zipatazo 15,000. Roeder na Treat waliuchomoza mshipa wa neva wa nondo aliye hai, wakaushikisha waya mwembamba mno, wakaunganisha na kipaza sauti, kisha wakabeba mitambo yote hiyo hadi kwenye vilima vya magharibi mwa Massachusetts wakati wa magharibi. Popo walipoanza kuruka, kipaza sauti kikaanza kutoa milio mikavu. Watafiti hao waliwasikia popo kupitia sikio la nondo kabla ya kuwaona kwa macho yao, wakiwa umbali wa mita 30 na zaidi.

Umbali huo ndio unaompa nondo nafasi ya kuishi. Popo humtambua nondo kwa mwangwi akiwa mita chache tu, kwa kuwa mwangwi unaotoka kwenye mwili mdogo hufifia haraka. Nondo kwa hiyo hupata habari kwanza. Seli ya kwanza, iliyo nyepesi kusikia, huamka popo akiwa mbali, na nondo hugeuka taratibu akaenda upande mwingine. Seli ya pili haishtuki mpaka sauti iwe kubwa, maana yake popo amefika. Hapo nondo haendi tena kwa mpango: hujipindua, huzunguka, hufunga mabawa akaporomoka hadi majanini. Roeder alipiga picha za mambo haya bustanini kwake, akiwasha taa kali na kuwachezea nondo milio ya bandia, na katika picha hizo njia ya kila nondo inaonekana kama mstari mweupe ulionyooka, kisha ukavurugika ghafla pale sauti ilipoanza.

Anayetaka kuliona jambo hili hahitaji maabara. Chini ya taa ya barazani, nondo wakiwa wanazunguka, atikise kwa nguvu kitita cha funguo za chuma. Funguo zikigongana hutoa, pamoja na mlio tunaousikia, sauti nyembamba zilizo katika eneo la popo. Baadhi ya nondo wataendelea kama kawaida, kwani si wote wenye masikio. Wengine watajitupa chini papo hapo kama waliokatwa kamba.

Treat aliongeza jambo moja la kushangaza kuliko yote. Kuna utitiri unaoishi ndani ya masikio ya nondo na kuyaharibu kwa kuzaliana humo. Utitiri wa kwanza kupanda juu ya nondo huchagua sikio moja, na wote wanaofuata huelekea sikio hilo hilo, hata likijaa kiasi gani. La pili huachwa zima. Nondo mwenye sikio moja bado anaweza kumkwepa popo, na utitiri unaendelea kuishi pamoja naye. Nondo kiziwi angeliwa, yeye na wapangaji wake.

Kusikia na kukimbia ni ulinzi wa kwanza. Wapo nondo wanaojibu.

Nondo wa kundi la Arctiinae, wengi wao wenye rangi kali za manjano, nyekundu na nyeusi, wana kigamba kigumu chenye mikunjo kila upande wa kifua. Misuli inapokivuta, mikunjo hubonyea mmoja baada ya mwingine na kutoa mfululizo wa milio mifupi. Misuli ikilegea, mikunjo hurudi mahali pake na kutoa mfululizo wa pili. Kazi yake ni sawa na kifuniko cha kopo kinachobonyezwa kwa kidole na kuachiwa, ila hapa inafanyika kwa kasi ambayo sikio letu haliwezi kuifuata. Mwaka 1965 Dorothy Dunning na Roeder waliwazoeza popo kudaka funza waliorushwa hewani, kisha wakaanza kucheza milio ya nondo hawa kila funza aliporushwa. Mara nyingi popo walikatisha shambulio wakageuka.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana juu ya maana ya milio hiyo. Wengine walisema inamshtua popo. Wengine walisema ni onyo, kwa sababu wengi wa nondo hawa ni wachungu: viwavi wao hula mimea yenye sumu na kuihifadhi sumu hiyo mwilini hadi utu uzima. Mmoja wa mimea hiyo ni marejea, ambao wakulima wa Ruvuma wanaufahamu kwa kurutubisha udongo, na jamaa zake huliwa kama mboga magharibi mwa Kenya. Mwaka 2007 Jesse Barber na William Conner wa Chuo Kikuu cha Wake Forest walionyesha kwamba onyo hilo ni la kweli, tena linaibwa. Popo aliyewahi kumwonja nondo mchungu mwenye mlio alimkwepa pia nondo mtamu mwenye mlio unaofanana. Mtamu anaishi kwa jasho la mchungu.

Jibu la tatu lilikuja mwaka 2009, na hilo ndilo linalostahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia. Aaron Corcoran, pamoja na Barber na Conner, walimchukua nondo wa Arizona aitwaye Bertholdia trigona. Huyu si mchungu wa kutosha kumkimbiza popo, na hutoa milio hadi 4,500 kwa sekunde. Walimfunga kwa uzi mwembamba, wakawaachia popo ambao hawakuwahi kukutana na nondo wa namna hiyo, wakarekodi kila kitu kwa kamera na maikrofoni. Kama milio ingekuwa ya kushtua tu, popo wangezoea baada ya siku chache, lakini hawakuzoea. Kama ingekuwa ya kuonya, popo wangewaonja kwanza kisha wakawaacha. Lakini nondo walionyamazishwa kwa kutobolewa kigamba waliliwa bila shida. Wale wenye sauti ndio waliosalimika, na walisalimika kuanzia usiku wa kwanza. Popo aliwafuata, akapanua mdomo, akadaka hewa tupu.

Sababu ni hesabu ya muda. Popo hupima umbali kwa muda unaopita kati ya mlio wake na mwangwi, na anapokaribia kudaka huita zaidi ya mara 150 kwa sekunde. Nondo akipiga milio yake ndani ya milisekunde 2 hivi zinazotangulia mwangwi, yaani sehemu mbili tu za elfu moja ya sekunde, kipimo hicho huvurugika. Popo bado anajua kwamba nondo yupo. Hajui tena yuko umbali gani, na kwa mwindaji anayeruka gizani kosa la urefu wa kidole linatosha kumnyima chakula.

Si Marekani pekee. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2022, kikundi cha Barber kiliwachezea nondo milio ya popo katika nchi za tropiki, Msumbiji ikiwemo, na kukuta koo nyingi ambazo hazikujulikana kujibu. Makisio yao ni kwamba takriban nondo mmoja kati ya kila watano wa aina kubwa hutoa sauti dhidi ya popo. Nondo wa jamii ya Sphingidae, wale wenye mwili mnene wanaonyonya maua ya mipapai jioni, hufanya hivyo kwa kusugua viungo vyao vya uzazi. Hilo liligunduliwa Borneo mwaka 2013.

Wasio na masikio wala sauti nao hawakuachwa hivi hivi. Nondo mkubwa wa kijani mwenye mikia mirefu, Argema mimosae, anayepatikana Afrika Mashariki, hana masikio. Jamaa yake wa Marekani alipofanyiwa majaribio mwaka 2015, ilionekana kwamba mikia inayozunguka hutoa mwangwi wa kumdanganya popo, naye hushambulia mkia badala ya mwili. Wenye mikia walisalimika kwa asilimia 47 zaidi ya waliokatwa. Nondo wengine viziwi wamevaa magamba na manyoya yanayomeza sauti. Marc Holderied na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol, waliochunguza magamba ya mabawa ya nondo, akiwemo mmoja wa Afrika aitwaye Dactyloceras lucina, walikuta yametengenezwa kwa namna ya kunyonya mawimbi, na manyoya ya kifua cha baadhi ya nondo humeza hadi asilimia 85 ya nguvu ya sauti inayowafikia. Kwa upande mwingine, wapo wanaosikia kupita kiasi: nondo wa nta, yule mharibifu wa masega ambaye kila mfugaji nyuki wa Tabora anamlaani, husikia hadi kilohezi 300, kupita popo yeyote anayejulikana.

Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba masikio ya nondo yalizaliwa kwa sababu ya popo. Uchunguzi wa koo za nondo uliochapishwa mwaka 2019 ukiongozwa na Akito Kawahara umerekebisha somo hilo: masikio yalijitokeza mara zisizopungua 9 katika koo tofauti, na mengi ni ya kale kuliko popo kwa mamilioni ya miaka. Yawezekana yalianza kwa kusikiliza nyayo na mabawa ya adui wengine. Popo walipokuja, yakapata kazi mpya.

Sasa turudi shambani. Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa Afrika Magharibi mwanzoni mwa mwaka 2016 akitokea Amerika, na kufikia mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia Kenya na Tanzania. Nondo wake anaweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja, na jike hutaga zaidi ya mayai 1,000 katika uhai wake. Kiwavi akishaingia ndani ya moyo wa mhindi, dawa haimfikii kwa urahisi. Mkulima anayepambana na kiwavi anapambana na hatua ya mwisho ya tatizo. Hatua ya kwanza ni nondo jike anayeruka usiku akitafuta jani la kutagia, na nondo huyo ni wa jamii ya Noctuidae. Ana yale masikio ya seli mbili. Anamwogopa popo.

Thamani ya woga na ya kuliwa kwake imepimwa. Josiah Maine na Justin Boyles walifunika vipande vya mashamba ya mahindi kusini mwa Illinois kwa nyavu kubwa kila usiku ili popo wasiingie, na kuzifunua mchana ili ndege waendelee na kazi yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vipande visivyofikiwa na popo vilikuwa na viwavi wa magunzi zaidi kwa karibu asilimia 60. Mahindi hayo yaliyotafunwa yalikuwa pia na ukungu zaidi na sumu zaidi itokanayo na ukungu. Kwa msomaji wa Makueni au Kondoa hilo si jambo dogo. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliingia majumbani Dodoma na Manyara. Sumukuvu ina sababu nyingi, hasa ukame na uhifadhi mbaya. Lakini tundu la kiwavi kwenye punje ni mlango wa ukungu, na popo hupunguza matundu.

Marekani imeonja pia kinachotokea popo wakiondoka. Tangu mwaka 2006 ugonjwa wa ukungu mweupe wa pua umeua mamilioni yao. Mchumi Eyal Frank alilinganisha wilaya zilizopoteza popo na zile ambazo zilikuwa hazijafikiwa, na katika utafiti wake wa mwaka 2024 alionyesha kwamba wakulima waliopoteza popo waliongeza dawa za wadudu kwa asilimia 31. Katika wilaya hizo hizo vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa karibu asilimia 8. Kazi ya popo ilifanywa na sumu, na gharama ikawafikia hata waliokuwa hawajazaliwa.

Kuna wanaosema popo ni hatari kwa afya, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Virusi vya Marburg, vilivyoua watu Kagera mwaka 2023, hubebwa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni. Hao si wale wanaowinda nondo, lakini mtu aliyetishika hana muda wa kuwatenganisha. Basi asikilize yaliyotokea Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, na popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena Ibanda, kilomita 20 hivi kutoka hapo. Popo walikuwa wamerudi mgodini, wachache kuliko zamani, lakini wenye virusi walikuwa wamepanda kutoka asilimia 5 hadi 13. Maelezo ya watafiti ni kwamba kuua popo huenda kuliondoa wale wenye kinga na kuleta wageni wasio nayo. Kinga iliyo salama ni watu kutoingia mapangoni ovyo na kutoshika popo kwa mikono. Ukatili haukusaidia kitu.

Elimu ya sauti inaweza pia kutumika moja kwa moja. Mwaka 1962, Peter Belton na R. H. Kempster walitangaza milio ya bandia ya popo juu ya shamba la mahindi nchini Kanada, na mashambulizi ya viwavi wa mabua yakapungua. Japani, Ryo Nakano na wenzake wamelichukua wazo hilo mbele zaidi: milio iliyopangwa kwa mapigo yanayomtisha nondo hasa, ikitolewa usiku juu ya mashamba ya vitunguu vya majani, imewazuia majike wa jamii ile ile ya viwavijeshi kutaga. Asitokee mtu akachanganya jambo hili na vile vifaa na programu za simu zinazouzwa kwa madai ya kufukuza mbu kwa sauti. Vimepimwa mara nyingi na havifanyi kazi. Mbu hana sikio la kumwogopa popo kwa namna hiyo. Nondo analo. Hata kwa nondo, mlio hauendi mbali, na unapaswa kupangwa kwa kufuata wadudu wa mahali husika. Kazi ya kupanga hivyo ndiyo kazi ya taasisi za utafiti, na wataalamu wa TARI ya Tanzania na KALRO ya Kenya wana uwezo wa kuifanya. Fedha inayotengwa kila mwaka kununua viuatilifu vya dharura, sehemu yake ndogo ingetosha kuanza majaribio kwenye mashamba yenyewe, kwa umeme wa jua, msimu mmoja baada ya mwingine.

Jambo la taa nalo lisisahauliwe. Jens Rydell na mwenzake Svensson walionyesha huko Sweden mwaka 1998 kwamba nondo walio chini ya taa kali za barabarani huacha kujikwepesha wanaposikia popo. Popo wachache wanaozoea mwanga hufaidi, lakini wengi wanaokwepa mwanga hupoteza eneo la kuwindia. Halmashauri zinapoweka taa kandokando ya mashamba na mito, zielekeze mwanga chini, barabarani ambako watu wanapita.

Popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kundi lililofukizwa moshi au kufukiwa pangoni halirudi kwa msimu mmoja, wala kwa mitano. Mapango ya matumbawe ya pwani, kuanzia Shimoni na Fikirini kule Kwale hadi kaskazini, ndiyo makazi yao, na machimbo ya mawe yanayazunguka. Kabla ya kibali cha kuchimba kutolewa, pango likaguliwe usiku, wakati popo wanatoka, na wazee wa mahali waulizwe wanalolijua juu yake.

Na kwako mwenye nyumba ambaye darini kwako mna popo: usiwashe moshi wala usimwage dawa. Subiri watoto wao waanze kuruka, kisha ning'iniza wavu juu ya tundu wanalotokea, uachwe wazi kwa chini, ili watoke bila kuweza kurudi. Baada ya siku chache, ukihakikisha hakuna aliyebaki, ziba tundu. Tengeneza sanduku la mbao lenye mwanya mwembamba chini, ulitundike juu ya mti au nguzo upande wa shamba lako la mahindi, mahali pasipo na taa.